Jangwani kwenye maji, na watoto wetu wa Manzese

Hakuna jina la mtaa Dar es Salaam linalowachanganya watoto kama Jangwani. Shuleni wanafundishwa kuwa jangwa ni nchi kavu, mchanga mtupu na ngamia. Kisha wanapanda mwendokasi na mama zao kutoka Manzese kwenda Kariakoo, wanafika Jangwani, wanakuta tope, matete na maji meusi. Masika yakiwa makali hata hawafiki, kwa sababu barabara imefungwa. Wangu ana miaka minne na ameshaniambia kwamba mwalimu wake amekosea.

Mwalimu hajakosea sana. Kwa Waswahili wa zamani jangwa halikuwa lazima liwe na ngamia. Eneo tupu, lisilo na mti wa maana wala shamba la kutegemewa, lilitosha kuitwa jangwa. Bonde lile kati ya Magomeni na Kariakoo lilikuwa wazi kwa sababu maji yenyewe yalikataa watu wakae pale. Kiangazi lilikauka na kupasuka, masika likawa ziwa. Kwa hiyo jina lilikuwa onyo, ingawa sisi tumelifanya kuwa kituo cha basi, uwanja wa mikutano ya siasa na makao ya timu ya mpira.

Mto unaolijaza bonde hilo ni Msimbazi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unatembea kama kilomita 35, unapita pembeni mwa Vingunguti na Tabata, Kigogo na Magomeni, hadi unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vingi. Kimojawapo ni Mto Ng'ombe, na hapo ndipo sisi wa Manzese tunapoingia kwenye habari hii. Kwa miaka mingi tumezoea kuyaona mafuriko ya Msimbazi kama shida ya watu wa bondeni. Lakini mfuko unaotupwa kwenye mtaro wa Manzese haubaki Manzese. Unakwenda Tandale, unapita Magomeni, unaishia mlangoni kwa mtu mwingine.

Bibi yangu alikuja Manzese kumfuata babu, aliyepata kazi Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968. Wakati huo, anasema, Manzese ilikuwa mikorosho na minazi, na nyumba za udongo zilizoota haraka kuliko uyoga. (Serikali na Benki ya Dunia walipoanza mradi wa kuboresha makazi holela katikati ya miaka ya 1970, Manzese ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza.) Jumapili babu alishuka bondeni na ndoano akarudi na kambale. Bibi anaonyesha ukubwa wa kambale hao kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko. Wanawake walilima mpunga kidogo na miwa pembezoni. Hakuna aliyejenga chini kabisa. Si kwa sababu walikuwa na elimu ya mazingira; waliona tu matete na wakajua.

Ardhi oevu ni jina ambalo wataalamu wamelipa mahali pa namna hiyo. Kazi yake ni rahisi kuieleza hata kwa mtoto. Mvua kubwa ikishuka kutoka Pugu, maji yanakuja kwa kasi. Yakikuta bonde pana lenye matete na nyasi yanasambaa, yanapunguza mwendo, yanaacha mchanga na uchafu chini, halafu yanakwenda baharini taratibu. Mizizi na vijidudu vya kwenye tope vinakula sehemu ya kinyesi na mbolea iliyomo majini. Ni sponji na chujio kwa pamoja, na halina mota ya kuharibika wala bili ya umeme.

Sasa jaribu kufikiria tumelifanyia nini sponji hilo. Misitu ya Pugu ilikatwa kwa ajili ya mkaa na viwanja, kwa hiyo udongo ukaanza kuteremka. Viwanda vikapangwa kando ya mto, vya nguo vikimwaga maji ya rangi. Machinjio na mabwawa ya majitaka yakawekwa Vingunguti, juu tu ya mto. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kupinga moshi wa dampo la jiji lililokuwa mlangoni kwao, wakashinda, na kesi yao bado inasomwa na wanafunzi wa sheria. Baada ya dampo kuondolewa pale, miaka michache baadaye taka za jiji zikawa zinamwagwa Vingunguti, kwenye bonde lile lile la Msimbazi. Ushindi wa mtaa mmoja ukawa mzigo wa mtaa mwingine.

Na watu wakashuka bondeni. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulikuwa umeshaliweka bonde katika maeneo ya hatari yasiyotakiwa kujengwa makazi. Lakini mpango ulikuwa kwenye makabati ya ofisi, na kiwanja cha bei nafuu kilikuwa bondeni, kwa dakika ishirini za miguu hadi Kariakoo. Ukiwa mama ntilie unayetakiwa kuwasha moto saa kumi alfajiri, hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Shangazi yangu aliipiga hesabu hiyo mwaka 1998. Alinunua kipande upande wa Magomeni kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe, akajenga vyumba vitatu. Alijaza kifusi mpaka nyumba ikasimama juu ya zote za jirani, na alijivunia sana kifusi hicho. Sote tulijivunia. Hakuna aliyemwambia kwamba kila mtu bondeni alikuwa anajaza kifusi, na kwamba maji yanayofukuzwa kwako yanatafuta kwa jirani, na mto unaobanwa pande zote mbili unapanda juu.

Desemba 2011 ulipanda. Ilikuwa mvua kubwa kuliko zote ambazo jiji lilikuwa limeziona kwa zaidi ya miaka 50. Watu zaidi ya 40 walikufa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri kidato cha kwanza, na ninachokumbuka si helikopta wala viongozi waliokuja kwenye televisheni. Nakumbuka mlango wetu wa Manzese ukigongwa usiku na shangazi akiwa amebeba mtoto mgongoni, wengine wawili wameshikana mikono, wote wana rangi moja, ya tope. Tulilala tisa kwenye chumba kimoja kwa wiki tano. Binamu yangu wa darasa la tatu alihara mpaka macho yakaingia ndani, na mama akawa anapima maji, sukari na chumvi kwa kijiko cha chai kana kwamba anapima dhahabu. Nafikiri uandishi wangu wa habari za afya ulianzia kwenye kijiko kile.

Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Shangazi hakuwa kwenye orodha, na anasema hata angekuwepo asingekwenda, maana wateja wake wa maharage hawako Mabwepande. Akarudi bondeni. Desemba 2015 tingatinga zikaingia bondeni kubomoa, zikaishia nyumba chache kabla ya yake. Aprili 2018 maji yakarudi tena, na safari hii Benki ya Dunia ilikadiria hasara kwa jiji kuwa zaidi ya Dola milioni 100. Shangazi alipoteza jokofu, magodoro na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akasema basi. Akauza nyumba kwa bei ya kutupa kwa kijana mmoja mwenye roho ngumu, akahamia Chanika.

Nitarudi kwa kijana huyo.

Kwanza niseme kuhusu mboga, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi na kina mama wenzangu wa Manzese kila wanaposikia naandika habari za Msimbazi. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga mengi tunayokula yamelimwa kwenye mabonde ya jiji. Bei yake ni nzuri, na bado yana umande asubuhi. Mwaka 1999 watafiti wawili wa kemia, Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mto Sinza na Msimbazi. Walikuta metali nzito, na katika baadhi ya mboga madini ya risasi yalizidi kiwango kinachopendekezwa kimataifa. Niliusoma utafiti huo nikiwa chuoni, mwaka wa pili, na jioni yake nyumbani kulikuwa na tembele la nazi. Nililila. Lilikuwa tamu.

Tangu hapo yamebadilika mengine. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa 2005, kwa hiyo hewa yetu ina nafuu hiyo. Lakini risasi ikishaingia kwenye udongo haiozi kama ganda la ndizi, inakaa. Betri za gari zinazovunjwa mitaani na rangi za zamani zinaongeza. Kwa mtu mzima madhara yake yanakuja polepole. Kwa mtoto mdogo risasi inagusa ubongo ulio kwenye kukua, uwezo wa kujifunza na wa kutulia darasani, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Kuosha mboga kwa maji ya chumvi kunasaidia kuondoa vumbi na mayai ya minyoo, na tuendelee kuosha. Hakuondoi metali iliyokwisha kupanda kupitia mizizi. Wala jibu si kumnyima mtoto mboga, maana mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalisi ndiye anayenyonya risasi nyingi zaidi tumboni. Nyumbani kwangu tunabadilisha. Leo mchicha wa muuzaji wa gengeni, kesho kunde zilizotoka mkoani, keshokutwa maharage na dagaa. Na muuzaji namuuliza ametoa wapi. Mwanzo alinuna, akidhani natafuta punguzo. Siku hizi ananiambia mwenyewe kabla sijauliza, "Dada, huu wa Ruvu."

Jambo la pili ni vyoo. Nalisema nikijua watu watakunja uso. Mvua kubwa ikianza Manzese, kuna nyumba ambazo zinatapisha choo. Shimo limejaa, gari la majitaka halipiti kwenye uchochoro na lingepita gharama yake ni kodi ya chumba, basi mtu anatoboa tundu usiku na mvua inabeba. Maji hayo ndiyo watoto wetu wanachezea asubuhi wakirusha maboti ya karatasi. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, wakati Manzese bado ikiwa ndani ya wilaya hiyo kabla ya kuhamia Ubungo, ukasambaa karibu nchi nzima. Niliwahi kumsikia mtu mzima redioni akisema watu wa uswahilini ni wachafu. Uchafu wa nani, kama hakuna bomba la majitaka mtaani na ardhi oevu iliyokuwa inachuja makosa yetu imefukiwa kifusi?

Ndiyo maana mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi nimeufuatilia kwa ukaribu kuliko hadithi yoyote. Baada ya mafuriko ya 2018 wataalamu, viongozi na wakazi walikaa vikao vya mfululizo, na mwaka uliofuata ukatoka mpango wa bonde zima, kuanzia misitu ya Pugu hadi mikoko ya Salenda. Septemba 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa Dola milioni 200, na Uholanzi na Hispania zikaongeza fedha zao. TARURA ndiyo inayosimamia utekelezaji. Mto utachimbwa na kupanuliwa, kingo zitainuliwa kwa ngazi, sehemu ya bonde iachwe ifurike bila kumuua mtu, na eneo kubwa la chini liwe bustani ya jiji. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyowekwa Jangwani na kufurika tena na tena, inahama. Daraja jipya la Jangwani limepangwa kuwa na urefu wa mita 390, ili mto upite chini yake badala ya kupita juu ya barabara.

Wasiwasi wa kwanza wa mzazi yeyote ni mbu. Si ajabu. Tangu Robert Koch alipokuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, jiji hili limefundishwa kwamba maji yaliyosimama ni adui na dawa yake ni kukausha. Lakini mbu wa malaria anapenda zaidi vidimbwi vidogo vyenye jua, kama nyayo za ng'ombe, mashimo ya wachimba mchanga na mitaro iliyoziba. Mbu wa dengue, iliyotusumbua 2014 na 2019, anazaa kwenye ndoo, matairi na vifuu vya uani kwetu. Bonde lenye maji yanayotembea, samaki na kambale wa bibi si rafiki wa mbu kiasi hicho. Bonde lililojaa chupa na mifuko ndilo kitalu chao. Bustani isipotunzwa, itarudi kuwa hivyo hivyo, na hilo ndilo ninaloliogopa mimi kuliko michoro yenyewe.

Kuna waliotangulia. Riyadh, ambako ni jangwani kwelikweli, walikuwa na bonde linaloitwa Wadi Hanifa. Walilichimba mchanga, wakalimwagia taka na majitaka mpaka likanuka. Kuanzia 2001 wakaanza kulirudisha. Waliondoa taka, wakapanda mitende, wakajenga vizingiti vya mawe ambamo vijidudu na samaki wanasafisha maji, na mwaka 2010 likapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan. Sasa familia zinapeleka watoto huko wikendi na birika la kahawa. Karibu zaidi ni Nakivubo, Kampala. Wachumi walikadiria mwaka 1999 kwamba ardhi oevu ile ilikuwa inafanya kazi ya kuchuja majitaka yenye thamani ya kati ya Dola milioni 1 na 1.75 kwa mwaka, bure, kabla maji hayajafika ziwani karibu na chanzo cha maji ya kunywa ya jiji. Waganda waliambiwa thamani hiyo mapema, na bado magimbi na viwanda vililimega bonde. Kwa hiyo kujua peke yake hakutoshi, na sisi tusijidanganye.

Huku kwetu Manzese nina dukuduku langu jingine. Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege kupitia mradi wa DMDP, na nyumba za kando yake zimepumua. Sitaki kuibeza kazi hiyo, nimeona nyumba ambazo zilikuwa zinaingiwa na maji kila mwaka sasa zinalala kavu. Lakini zege halinywi maji wala halichuji. Linayapeleka haraka kwa aliye chini. Kama Jangwani haitakuwa na sponji la kuyapokea, tumesogeza tu mafuriko kwa kilomita chache, kama dampo la Tabata.

Sasa yule kijana. Fidia zilipoanza kulipwa, kuanzia 2023, yeye ndiye aliyekuwa na nyumba. Alivumilia miaka mitano ya tope, akalipwa, akavuta bodaboda mbili. Shangazi alipopata habari alikaa kimya wiki nzima. Sheria iko wazi, anayelipwa ni mwenye mali, na yeye aliuza kwa hiari yake. Hana wa kumlaumu, na nadhani hilo ndilo linalouma.

Mitihani ya watoto wake wawili wakubwa ilifanyikia Chanika. Yule mdogo, aliyekuwa mgongoni mwaka 2011, ni kijana sasa na anasoma ufundi. Shangazi bado anauza chakula Kariakoo, anaondoka Chanika saa tisa usiku. Nilipomwonyesha kwenye simu mchoro wa bustani, na njia za baiskeli na watoto wenye kofia, aliukuza kwa vidole viwili akawa anautafuta mahali.

"Hapa ndipo kilipokuwa choo changu," akasema. Kisha akauliza, "Hawa watoto wa nani?"

Nikamjibu ni mchoro tu wa kompyuta, shangazi.

"Najua ni mchoro. Nakuuliza wataingia kwa tiketi?"

Nimelipeleka swali hilo kwenye vikao viwili vya wanahabari na nitalipeleka cha tatu. Mtoto wa Masaki ana ufukwe. Mtoto wa Manzese uwanja wake wa karibu ni uchochoro wenye mtaro katikati, na kama kuna mahali jiji linaweza kumpa nyasi, kivuli na maji yasiyomwumiza, ni bonde hilo. Watu walilipia kwa nyumba zao, wengine kwa maisha. Bustani yenye geti na kiingilio cha elfu tano ingekuwa matusi kwao, na ni afadhali wazazi tuseme sasa, kwenye mikutano ya mtaa ambayo mara nyingi tunaiachia wazee wawili na mwenyekiti, kuliko kulalamika geti likishajengwa.

Shangazi amelima tuta la mchicha nyuma ya nyumba ya Chanika. Jumamosi ananiletea fungu likiwa limefungwa kwa kamba ya mgomba, na mwanangu analila bila kusumbua, jambo ambalo kwa mchicha wa dukani halijawahi kutokea. Na kila mvua kubwa ikinyesha, hata kama ni saa nane za usiku, simu yangu inaita. Hanisalimii wala haulizi habari za mtoto. Anauliza kama Jangwani pamefungwa, na maji yamefika wapi.